Mratibu wa Wanafunzi Wenye Ulemavu Hufanya Kazi Gani Hasa?

Kila msimu wa mitihani unapokaribia, swali lile lile huzuka tena kwenye vibaraza vya vyuo na katika mazungumzo ya wazazi: kwa nini mwanafunzi fulani ameongezewa muda, au amepewa chumba cha peke yake, au ameletewa mtu wa kumwandikia, ilhali wenzake wote wameketi ukumbini kwa saa zile zile na karatasi ile ile? Wapo wanaouliza kwa udadisi tu, na wapo wanaouliza kwa uchungu wa mtu anayedhani amepunjwa. Jibu wanalopewa mara nyingi, kwamba ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu ndiyo iliyoruhusu, haliwaelimishi, kwa kuwa ni wachache wanaojua ofisi hiyo inaamua kwa kigezo gani. Mimi ni mratibu katika ofisi ya namna hiyo, na nimeona jinsi manung'uniko yanavyopungua pale mtu anapoonyeshwa namna uamuzi mmoja ulivyofikiwa. Ndilo ninalotaka kulifanya hapa.

Tuanze na neno ulemavu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ulemavu unakaa ndani ya mwili wa mtu, kama ugonjwa unavyokaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, unalitazama jambo hilo kwa upana zaidi: mtu ana hitilafu ya muda mrefu ya mwili, ya akili au ya milango ya fahamu, na hitilafu hiyo inapokutana na vikwazo vilivyomo katika mazingira yake, humzuia kushiriki sawasawa na wenzake. Ni lazima pande zote mbili zikutane ndipo tatizo litokee. Mwanafunzi kiziwi anayesoma kitabu maktabani hazuiwi na chochote kwa saa hiyo. Mwanafunzi huyo huyo akiingia darasani na kumkuta mwalimu anazungumza huku amewapa wanafunzi mgongo na kuandika ubaoni, kikwazo kimekwisha kuzaliwa, ingawa masikio yake ni yale yale aliyokuwa nayo maktabani. Mratibu hana uwezo wowote juu ya masikio. Kazi yake yote iko upande wa pili, kwenye vikwazo.

Vikwazo huondolewa kwa njia mbili, na sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni ufikivu, yaani kuandaa majengo, vitabu, tovuti na masomo tangu mwanzo kwa namna ambayo watu wa hali mbalimbali wataweza kuvitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Ya pili ni marekebisho stahiki, yaani badiliko linalofanywa kwa ajili ya mtu mmoja kwa sababu mpangilio wa jumla, hata ukiwa mzuri, haukumtosha. Fundi cherehani anaijua vizuri tofauti hii. Anaposhona sare za shule kwa saizi nyingi, anafanya kazi ya ufikivu. Mtoto mmoja anapokuja na sare iliyomzidi mikono, akasimama apimwe na kukunjiwa pindo, hayo ni marekebisho. Saizi zikiwa nyingi na zikishonwa kwa uangalifu, wanaokuja kukunjiwa pindo huwa wachache, lakini hawakosekani kabisa. Kamati inayosimamia mkataba ule ilifafanua mwaka 2014 kwamba ufikivu ni wajibu unaotangulia, hata kabla hajatokea wa kuomba, na marekebisho ni wajibu unaoanza pale mtu anapoyahitaji. Mkataba wenyewe unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho stahiki ni ubaguzi.

Neno stahiki halikuwekwa kwa mapambo. Linabeba masharti mawili kwa pamoja: badiliko liwe linafaa kweli kukiondoa kikwazo kilichopo, na lisimtwishe anayelitoa mzigo uliopita kiasi. Kwa hiyo mratibu hana ghala la huruma analochota na kugawa. Ana masharti ya kupima, na mara kwa mara hulazimika kusema hapana.

Hupimwaje, basi? Swali ninaloliuliza kuliko mengine yote katika kazi hii ni fupi: somo hili, au mtihani huu, unapima nini? Mtihani wa historia unapima kama mwanafunzi anaelewa sababu na matokeo ya matukio, na kama anaweza kujenga hoja. Haupimi kasi ya vidole vyake. Kalamu, karatasi, saa tatu na ukumbi ni njia tu ya kuupata uelewa huo, na njia inaweza kubadilishwa bila kugusa kinachopimwa, mradi maswali yabaki yale yale na msahihishaji atumie mwongozo ule ule wa alama. Lakini somo likiwa la upigaji chapa kwa kasi, kasi ya vidole imekuwa ndiyo somo lenyewe, na kuongeza muda kungekuwa kuupotosha mtihani. Mwanafunzi mwenye disleksia, ambaye herufi humchezea katika kusoma na kuandika, anaweza kuombewa asikatwe alama za tahajia katika insha ya baiolojia. Katika zoezi la tahajia la somo la lugha hawezi kuombewa hivyo, kwa sababu hapo tahajia ndiyo inayotafutwa.

Jibu la swali hilo haliji kwa urahisi kila mara, na hapo ndipo kazi inapokuwa nzito na, kwangu mimi, ndipo inapopendeza. Chukua mwanafunzi wa uuguzi ambaye usikivu wake ni hafifu. Mtaala unasema lazima aweze "kusikia mapigo ya moyo kwa stetoskopu". Ukiyasoma maneno hayo kama yalivyo, safari yake imeishia hapo. Lakini ukimwuliza mwalimu wake mgonjwa anahitaji nini kwa muuguzi, atakwambia kwamba mgonjwa anahitaji mtu wa kuyatambua mapigo yasiyo ya kawaida na kuchukua hatua. Zipo stetoskopu za kielektroniki zinazokuza sauti, na zipo zinazoyachora mapigo kwenye skrini yakaonekana kwa macho. Neno "kusikia" liliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiria njia nyingine. Mazungumzo ya namna hiyo kati ya mratibu na mwalimu, ambayo huweza kuchukua vikao vitatu au vinne, ndiyo kiini cha uratibu, na hayaonekani na mtu yeyote aliye nje ya chumba.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba ofisi hizi hazikubuniwa na wakubwa wa vyuo. Mwaka 1962 kijana Mmarekani aitwaye Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa na miaka 14, alijiunga na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Kabla ya hapo, idara ya jimbo iliyopaswa kumgharamia masomo ilikuwa imesita, ikimwona kuwa mtu asiyeweza kuajiriwa. Alilala ndani ya mashine kubwa ya kumsaidia kupumua, ambayo haikuwezekana kuwekwa katika mabweni ya kawaida, hivyo akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wanafunzi wengine wenye ulemavu wakamfuata hapo hospitalini, wakaanza kujipanga, na mwaka 1970 wakaanzisha mpango wa huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu wa viungo, wenye kushughulikia wasaidizi, makazi na matengenezo ya viti vya magurudumu. Mwaka 1975 Roberts aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ile ile ya jimbo iliyokuwa imemkatia tamaa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanafunzi wanaoingia ofisini kwangu wakiomba radhi kwa kunisumbua, ilhali kiti ninachokalia kilitafutwa na wanafunzi kama wao.

Sasa turudi kwenye muda wa ziada, kwa kuwa ndio unaolalamikiwa kuliko yote. Kiwango hutofautiana kati ya chuo na chuo: pengine ni robo ya muda, pengine ni nusu. Mtihani wa saa 3 ukiongezewa robo, unakuwa wa saa 3 na dakika 45. Ili kuzielewa dakika hizo 45, fikiria jedwali la safu sita na nguzo tano katika mtihani wa uchumi. Anayeona hulitupia jicho mara moja akajua bei zilipanda wapi na zikashuka wapi. Mwanafunzi asiyeona anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi ya kompyuta kuwa sauti, hulisikia jedwali hilo kisanduku kimoja kimoja, visanduku thelathini, kila kimoja kikitangulizwa na jina la nguzo yake. Kisha swali linamtaka alinganishe nguzo ya pili na ya tano. Anarudi mwanzo, anashikilia tarakimu kichwani, anashuka, anasikiliza tena. Nimewahi kuketi na mwanafunzi akifanya zoezi hilo kwa karatasi ya majaribio, nami nikiwa na saa mkononi. Jedwali ambalo mimi nililielewa kwa muda wa pumzi mbili lilimchukua zaidi ya dakika nne, na jibu lake lilikuwa sahihi. Dakika nne hizo hazikuwa za kufikiri uchumi. Zilikuwa za kulifikia swali.

Wapo wanaojibu kwamba mwanafunzi yeyote angefurahi kupata dakika 45 zaidi. Hilo ni kweli, na lina somo ndani yake. Ikiwa wanafunzi wengi wanashindwa kumaliza mtihani ambao haukukusudiwa kupima kasi, basi mtihani huo una kasoro inayowaumiza wote, na dawa yake ni kuutunga upya, kazi ambayo iko mikononi mwa mtunzi. Kumwondolea mmoja dakika zake hakuwaongezei wengine hata sekunde.

Upo pia mkanganyiko kuhusu wanafunzi viziwi, hasa pale watu wanaposema kwamba mwanafunzi "anasoma midomo, kwa hiyo hana shida". Jaribu mwenyewe mbele ya kioo, bila kutoa sauti: tamka mama, kisha baba, kisha papa. Midomo inafunga na kufunguka kwa namna moja katika maneno yote matatu, na anayetazama hana budi kukisia kutokana na muktadha. Ongeza mhadhiri anayetembea huku na huku, ukumbi wenye mwanga hafifu, na istilahi mpya ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona ikiandikwa, na kukisia kunakuwa kubahatisha. Anayetumia lugha ya alama huhitaji mkalimani, na mhadhara ukiwa mrefu huhitajika wakalimani wawili wanaopokezana, kwa sababu akili ya mkalimani huchoka upesi na makosa huanza kuingia. Zaidi ya hapo, mtu hawezi kumtazama mkalimani na kuinamia daftari kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mwanafunzi kiziwi anaweza kupewa mkalimani na pia mtu wa kumwandikia dondoo za somo, na wenzake wakadhani amepewa vitu viwili kwa tatizo moja.

Kwa upande wa vitabu, adui mkubwa ni ukurasa uliopigwa picha. Mhadhiri huchukua sura ya kitabu, huiskani, huituma kwa darasa zima, na kwa macho ni ukurasa wa kawaida wenye maneno. Kwa kisoma skrini ni picha tupu. Programu hunyamaza au hutamka jina la faili tu. Ofisi hulazimika kuyageuza maandishi hayo kuwa maandishi halisi ya kompyuta, kusahihisha herufi zilizosomwa vibaya, kuweka vichwa vya habari mahali pake, na kueleza kila mchoro kwa maneno. Anayesoma kwa nukta nundu, maandishi ya mguso ambayo Louis Braille aliyachapisha mwaka 1829, atahitaji pia uchapaji maalumu, na ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili au tatu za nukta nundu. Kazi hii huchukua siku, wakati mwingine majuma. Mhadhiri anayetoa orodha ya vitabu katika juma la tatu la muhula hajui kwamba amemchelewesha mwanafunzi mmoja hadi juma la sita. Swali la hakimiliki, ambalo zamani lilikuwa likitukwamisha, limepata nafuu kwa Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unaozitaka nchi wanachama ziruhusu nakala za namna hiyo kutengenezwa kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma machapisho ya kawaida, bila kusubiri idhini ya mwenye haki.

Wengi hudhani kwamba mwenye ulemavu atajulikana kwa kumtazama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa, na bila shaka wengi wao wamepita mbele yetu bila sisi kutambua. Kifafa hakionekani mpaka kimwangushe mtu. Kisukari, usonji, maumivu ya kudumu, sonona na disleksia havina fimbo nyeupe wala magurudumu. Mwanafunzi anayepewa chumba tulivu huenda anatumia dawa inayomlazimu kula na kupima sukari katikati ya mtihani, na jirani yake hana haki ya kulijua hilo. Barua ninayompelekea mhadhiri hutaja marekebisho tu: muda, chumba, mapumziko, karatasi ya herufi kubwa. Haitaji ugonjwa. Wahadhiri wengine huudhika kwa hilo, wakiona kwamba hawaaminiwi, na ninawaelewa. Lakini siri hiyo ni ya mwanafunzi, na ridhaa ya kuitoa ni yake peke yake.

Je, hakuna wanaodanganya? Ndiyo maana ofisi huomba ushahidi, kwa kawaida ripoti ya daktari, ya mwanasaikolojia au ya mtaalamu mwingine, pamoja na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe na historia ya marekebisho aliyowahi kupata. Ripoti haiamui kila kitu. Daktari hueleza hali ilivyo mwilini. Mratibu na mwalimu ndio wanaojua vikwazo vya somo. Wanafunzi wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa, na mmoja wao huenda asihitaji chochote. Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: vipimo vya disleksia na hali nyingine za namna hiyo ni ghali na wataalamu ni wachache, hivyo chuo kinachodai karatasi nyingi mno huishia kuwasaidia wenye uwezo na kuwaacha wenye shida. Nimeshuhudia mwanafunzi akikaa mwaka mzima bila msaada kwa sababu ya ripoti moja iliyokosa mhuri, na bado jambo hilo linaniuma.

Kwa mwanafunzi anayetoka shule na kuingia chuo, yapo mabadiliko ambayo hakuna anayemwandaa nayo. Shuleni, mara nyingi mzazi na mwalimu ndio waliomsemea. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1975 inazitaka shule za umma zimtafute mtoto mwenye ulemavu na kumwandalia mpango. Akifika chuo kikuu, zinazomlinda ni sheria za mwaka 1973 na 1990 zinazokataza ubaguzi, na ni yeye anayetakiwa kujitokeza na kuomba. Nchi nyingine nyingi nazo zina mpangilio unaokaribiana na huo. Mratibu hawezi kumtambua mwanafunzi ambaye hakubisha hodi, na asiyetaka kusajiliwa hawezi kulazimishwa.

Uhusiano na wahadhiri nao unahitaji neno. Anayekataa marekebisho kwa ukaidi ni mmoja mmoja. Wengi huwa na hofu ya kweli inayopaswa kusikilizwa. Mwanafunzi asiyeweza kuandika haraka anapoomba kurekodi mhadhara, mhadhiri huogopa kwamba sauti yake itasambazwa mitandaoni, au kwamba wanafunzi wengine watasita kutoa maoni darasani. Hofu hiyo hutatuliwa kwa makubaliano ya maandishi kwamba rekodi ni ya kujisomea tu, itafutwa mwisho wa muhula, na itazimwa mjadala unapogusa mambo binafsi ya watu. Mhadhiri aliyesikilizwa hivyo mara moja huwa ndiye anayeniletea wanafunzi mwaka unaofuata.

Mwisho, suala la wakati. Marekebisho hayarudi nyuma: kwa kawaida alama za mtihani uliokwisha kufanyika hazibadilishwi kwa sababu mwanafunzi amejisajili baadaye, na hakuna jambo linalonipa taabu kulieleza kuliko hilo. Anayehitaji vitabu vya nukta nundu au mkalimani inafaa aje hata kabla ya muhula kuanza. Anayehitaji muda wa ziada aje angalau majuma machache kabla ya mitihani, kwa kuwa chumba, msimamizi na ratiba havipatikani kwa siku moja. Si lazima aje na faili kamili. Akija na karatasi alizonazo na maelezo ya kilichomkwamisha muhula uliopita, kwa mifano, mazungumzo yanaweza kuanza. Hata aliyevunjika mkono majuma mawili kabla ya mtihani, ambaye kisheria huenda asihesabiwe kuwa mwenye ulemavu, asikate tamaa nyumbani. Vyuo vingi vina utaratibu wa muda mfupi kwa hali kama yake, na huyo wa kumwandikia anaweza kupatikana.